Gitaa kavu likibadilika rangi: Chanzo cha madoa na jinsi ya kuyazuia

MMILIKI wa gitaa kavu anapogundua kwamba uso wa ala yake umeingia doa, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta kitambaa na kitu cha kusugulia. Wapo wanaochukua spiriti, wapo wanaochukua mafuta ya kung'arishia meza, na wapo wasioona vibaya kuupitishia ubao msasa. Mara nyingi madhara makubwa huanzia hapo. Huenda doa lenyewe halikuwa na neno. Lilikuwa dalili ya umri tu, au vumbi lililogandamana na jasho. Lakini vanishi ikishayeyuka, au ubao wenye unene usiozidi sana milimita tatu ukishalika, hakuna fundi awezaye kurudisha kilichoondoka.

Gitaa kavu, yaani lile lisilotegemea umeme, si mgeni nchini. Ndilo lililowapa umaarufu wapigaji wa Magharibi mwa Kenya kama vile George Mukabi na John Mwale, na hadi leo halikosekani makanisani, shuleni na katika hoteli za Pwani. Hata hivyo, mengi ya magitaa hayo huundwa ng'ambo, kwa miti ya nchi za mbali, katika viwanda ambavyo hewa yake hudhibitiwa mchana na usiku. Kisha huletwa mahali ambapo hewa haidhibitiwi na yeyote. Gitaa lililo Mombasa huishi katika unyevu ambao mara nyingi hupita asilimia 70; lililo Lodwar hukabiliwa na ukavu na joto; nalo la Kericho hupokea mvua karibu mwaka mzima. Si ajabu basi kwamba magitaa mawili ya aina moja, yaliyonunuliwa siku moja, yaweza kuonekana kana kwamba hayakutoka kiwanda kimoja baada ya miaka mitano.

Swali la kwanza, ambalo mafundi wenye uzoefu hujiuliza kabla ya kugusa chochote, ni hili: je, doa liko juu ya vanishi, limo ndani ya vanishi, au liko chini yake, katika ubao wenyewe? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo kazi itakuwa ya dakika tano kwa kitambaa, ya siku nzima mezani kwa fundi, au ya kuachwa kabisa.

Kulijibu hakuhitaji vifaa vya bei. Gitaa hulazwa mezani juu ya taulo, taa za chumba huzimwa, kisha tochi humulikwa kwa ubavu, karibu kulingana na uso wa ubao. Uchafu ulio juu huonekana ukiwa na kimo chake na kivuli chake. Kasoro iliyo ndani ya vanishi huonekana kama wingu, au kama nyufa nyembamba zilizotanda mfano wa utando wa buibui, ilhali mkono ukipitishwa hauhisi kitu. Doa lililo ndani ya ubao halina kimo wala wingu. Hufuata mishipa ya mti, hurefuka kuelekea huku na huku, na kingo zake hufifia polepole.

Jaribio la pili ni kuchungulia ndani. Kwa kawaida ubao wa gitaa haupakwi vanishi upande wa ndani, kwa hiyo huko ndiko unyevu unakoingilia kwa wepesi zaidi. Kioo kidogo kikipitishwa katika tundu la sauti pamoja na tochi, mwenye gitaa ataona upande wa chini wa ubao ule ule. Doa linaloonekana pande zote mbili, mahali pale pale, limepenya mti. Ila hapa pana tahadhari: magitaa ya bei nafuu huwa na uso wa plaiwudi, na doa linaweza kukomea kwenye tabaka la kwanza. Ukingo wa tundu la sauti hufichua siri hiyo. Ikiwa mistari ya mti inashuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, ubao ni mmoja. Ikiwa kuna matabaka, ni plaiwudi. Alama za manjano za gundi kuukuu zinazoonekana ndani karibu na viungo zisimtie mtu wasiwasi. Hizo zilikuwapo tangu kiwandani.

Mabadiliko yasiyo na madhara

Sehemu kubwa ya yale yanayoitwa madoa si madoa hata kidogo. Uso wa magitaa mengi hutengenezwa kwa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio wa jamii moja na msonobari. Sprusi mbichi ni nyeupe inayokaribia rangi ya maziwa. Ndani yake mna lignini, kiungo kinachoshikanisha nyuzi za mti, na kiungo hicho hunyonya miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Mwaka hadi mwaka, ubao hugeuka rangi ya malai, kisha ya asali, na hatimaye ya kahawia iliyoiva. Vanishi ya kale ya nitroselulosi nayo hugeuka manjano kwa umri, na hivyo mabadiliko mawili huenda pamoja. Wapenzi wa magitaa ya zamani hulipa fedha nyingi kwa ajili ya rangi hiyo hiyo ambayo mnunuzi mgeni huiona kuwa kasoro.

Utata huzuka pale jua lisipofika mahali pote kwa usawa. Kibandiko cha plastiki kinachokinga ubao dhidi ya kucha kikibanduka baada ya miaka kumi, chini yake huonekana sehemu nyeupe iliyochongeka sawasawa na umbo lake. Gitaa lililotundikwa karibu na dirisha huku mkanda ukining'inia mbele yake hupata mstari mweupe. Madoa ya namna hii hutambulika kwa kingo zake: hukatika kwa ukali na hufanana na kitu fulani. Hayafutiki, wala hayahitaji kufutwa. Yakiachwa kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, hupungua tofauti kwa miezi na miaka.

Kuna jambo jingine linalowahangaisha wengi. Uso wa gitaa kwa kawaida huundwa kwa vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka kipande kimoja cha mti na kufunuliwa kama kurasa za kitabu. Wakati mwingine kipande cha kushoto huonekana cheusi kuliko cha kulia, na mwenyewe huapa kwamba upande mmoja umelowa maji. Njia ya kuhakikisha ni rahisi mno: gitaa ligeuzwe, kichwa kikae palipokuwa miguu, kisha litazamwe tena chini ya taa ile ile. Ikiwa upande uliokuwa mweusi sasa ndio mweupe, basi hakuna doa. Nyuzi za mti zimeinama kidogo tu, na kila upande hurudisha mwanga kwa namna yake. Doa la kweli halihami kwa sababu gitaa limegeuzwa.

Vivyo hivyo kwa ubao wa vidole, ule mweusi unaobandikwa juu ya shingo. Watu wamezoea kudhani kwamba mpingo na miti ya jamii ya mpingo ya Afrika ya Kati lazima iwe nyeusi tititi. Ukweli ni kwamba mingi ina michirizi ya kahawia na kijivu. Kampuni ya Taylor ya Marekani, ambayo mwaka 2011 ilishirikiana na kampuni ya Uhispania kununua kiwanda cha mbao mjini Yaounde, Cameroon, iliamua kuitumia miti yenye michirizi badala ya kuitupa. Kwa hiyo gitaa jipya lenye mchirizi shingoni si bovu. Linalostahili kutiliwa shaka ni lile linaloacha weusi kwenye vidole, kwa kuwa ubao wake ni mti wa rangi hafifu uliotiwa rangi, na rangi hiyo itaendelea kutoka.

Jasho, dawa ya mbu na mpira

Mkono wa mpigaji ndio adui wa kila siku. Jasho lina chumvi na asidi, na mahali panapoguswa sana, yaani nyuma ya shingo, pale mkono wa kulia unapoegemea na kandokando ya tundu la sauti, vanishi hulainika, hufifia na hatimaye huisha. Ubao ukishabaki uchi hunywa jasho na masizi na kugeuka kijivu. Mfano unaojulikana duniani kote ni gitaa la mwanamuziki Willie Nelson wa Marekani, aina ya Martin N-20, alilolipata mwaka 1969. Limetengenezwa kwa ajili ya nyuzi za nailoni na kuchezwa kwa vidole, hivyo halina kibandiko cha kinga. Yeye akalipiga kwa kidude cha kukwangulia nyuzi hadi akalitoboa tundu la pili. Weusi unaozunguka tundu hilo ni matokeo ya miaka mingi ya mikono juu ya mti usio na vanishi. Gitaa hilo bado hulia vizuri, lakini hutunzwa na fundi kila mara. Asiye na fundi wa namna hiyo asilichukulie kuwa kielelezo.

Rangi ya kijani inayoota kandokando ya freti, vile vyuma vidogo vinavyokatiza ubao wa vidole, nayo ni kazi ya jasho. Freti nyingi zina shaba ndani yake, na shaba ikikutana na chumvi na unyevu huota kutu ya kijani inayoweza kuenea hadi kwenye mti. Hiyo husafishwa kwa mswaki mkavu laini, nyuzi zikiwa zimelegezwa, na ubao kupakwa matone machache ya mafuta maalumu ya ubao wa vidole mara moja au mbili kwa mwaka. Mafuta ya kupikia hayafai. Huchacha, hunata, na huvuta vumbi hadi ubao uonekane kama sufuria isiyooshwa.

Madhara mengine hutoka kwenye vitu ambavyo hakuna anayevishuku. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu mara nyingi huwa na kemikali ya DEET, inayoyeyusha plastiki na aina nyingi za vanishi. Mpigaji anayejipaka jioni kisha akaegemeza mkono juu ya gitaa ataacha alama ya mkono isiyotoka. Aidha, tangu mlipuko wa corona wa mwaka 2020, vitakasa mikono vyenye alkoholi vimezoeleka hadi madhabahuni. Alkoholi huyeyusha sheleki, utomvu wa wadudu unaopakwa magitaa mengi ya kunakshiwa kwa mkono. Mikono na ikauke kwanza.

Mpira na plastiki laini ni hatari ya kimyakimya. Mikanda ya vinili na vibano vya mpira vya vishikizi vya kusimamishia gitaa hutoa kemikali zinazoingia katika vanishi ya nitroselulosi, zikailainisha na kuibadilisha rangi mahali zilipogusa. Alama hiyo haifutiki kwa sabuni wala kwa mafuta, maana hapo vanishi yenyewe imegeuka. Kizuizi chake ni kipande cha kitambaa cha pamba kilichofungwa juu ya mpira. Ni ajabu jinsi kipande cha shati kuukuu kinavyoweza kuokoa gitaa la maelfu ya shilingi.

Mawingu meupe ni habari tofauti. Yanapotokea ghafla baada ya gitaa kulowa au kukaa katika baridi yenye unyevu, maana yake ni kwamba maji yamenaswa ndani ya vanishi, hasa ya sheleki au nitroselulosi. Gitaa likiachwa penye hewa kavu kwa siku kadhaa, baadhi ya mawingu hayo huondoka yenyewe. Lakini baka jeupe lenye ukingo wa duara, hasa mahali palipogongwa, ni vanishi iliyoachana na ubao. Hewa imeingia katikati. Hapo fundi anahitajika.

Unyevu, kuvu na chuma

Hili ndilo kundi linalostahili kuogopwa, kwa kuwa doa huwa ni tangazo tu la uharibifu unaoendelea ndani.

Kuvu hupata nguvu pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 70 kwa siku nyingi bila upepo kupita. Mahali pake papendwapo ni ndani ya sanduku la gitaa, hasa sanduku lililofungwa gitaa likiwa bado na jasho la ibada au la tamasha. Kwanza huja harufu ya chumba kisichofunguliwa. Kisha huonekana vumbi jeupe au la kijani linalofutika kwa urahisi. Na hatimaye madoadoa meusi ambayo hayafutiki tena, kwa sababu yameingia ndani ya mti. Ikiwa doa limefikia hatua ya tatu, kusugua kutaondoa ubao kabla ya kuondoa doa.

Gitaa lenye kuvu husafishwa nje ya nyumba, kivulini penye upepo, mwenye kazi akiwa amefunika pua na mdomo. Vumbi hutolewa kwa brashi laini, ndani na nje, kisha uso hupanguswa kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa hadi kisidondoke. Kulianika juani ni kosa kubwa: jua hukausha upande mmoja kwa kasi kuliko mwingine, na ubao hupasuka. Dawa ya klorini inayotumiwa kung'arisha nguo nyeupe isikaribie kabisa. Na kama bitana la sanduku limeshika kuvu, ni heri kulitupa sanduku kuliko kulirudisha gitaa katika kitanda cha ugonjwa.

Doa jeusi linaloelekea buluu lina maelezo mengine. Mahogani na mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini, ambao hutumiwa kwa uso wa magitaa mengi ya nyuzi za nailoni, ni miti yenye tanini. Tanini ikikutana na chuma mahali penye maji, huzaa weusi. Ni kanuni ile ile iliyotumiwa kwa karne nyingi kutengeneza wino wa kuandikia. Ndiyo maana weusi huo hupatikana karibu na skrubu ya kifungo cha mkanda, au karibu na mashimo ya daraja yanayoshika vichwa vya nyuzi za chuma zilizoshika kutu. Skrubu iliyooza ikitolewa na mpya isiyoshika kutu ikawekwa, doa huacha kukua. Kuliondoa kabisa huhitaji asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na hufanya kazi kwenye mti usio na vanishi pekee. Kwa maoni ya wengi wanaoijua kazi hii, doa la ukubwa wa shilingi lililofichika chini ya kifungo halistahili hatari hiyo.

Doa la maji hufuata njia zake. Huanzia pale ambapo mti umekatwa na haukupakwa vanishi: chini ya daraja, kwenye ukingo wa tundu la sauti, kwenye matundu ya vigeuzio vya nyuzi. Likiwa limeandamana na ubao uliovimba nyuma ya daraja au daraja lililoanza kunyanyuka, nyuzi zilegezwe siku hiyo hiyo. Rangi hapo haina haraka. Gundi ndiyo inayoachia.

Kinga

Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 45 na 55. Nyumba ya Kisauni au ya Lamu haiwezi kufikia kiwango hicho bila mashine, na hakuna haja ya kumlaumu mtu. Lakini sanduku linaweza. Vifuko vya jeli ya silika vikiwekwa ndani ya sanduku linalofunga sawasawa hupunguza unyevu kwa kiasi cha kutosha kuizuia kuvu, mradi vikaushwe upya katika joto la ovena vinaposhiba. Mchele, ambao wengi huusifu, hunyonya kidogo mno na huwaita wadudu. Huko Turkana na Garissa mambo ni kinyume: ubao wa vidole hupauka na kuwa kijivu kwa ukavu, na sifongo yenye unyevu ndani ya kijisanduku chenye matundu ndiyo inayowekwa.

Kipimo cha unyevu cha bei nafuu hudanganya mara nyingi, ila kinaweza kusahihishwa jikoni. Chumvi hutiwa katika kifuniko cha chupa, hudondoshewa maji hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha huwekwa pamoja na kipimo ndani ya mkebe unaoziba vizuri. Baada ya saa kumi na mbili hivi, hewa ya ndani huwa na unyevu wa asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, mwenyewe atajua kwamba kinapungukiwa na saba.

Gitaa lisitundikwe kwenye ukuta wa nje wakati wa masika, kwa maana ukuta huo hupoa na kutoa jasho. Lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto la humo hulegeza gundi na kutokosa vanishi. Kabla ya kufungiwa sandukuni lipanguswe kwa kitambaa kikavu, nyuzi pamoja na shingo, na lipewe muda wa kupumua. Uchafu mkaidi ulio juu ya vanishi hutoka kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Hata mate yanafaa: wahifadhi wa kazi za sanaa katika makumbusho huyatumia kwa kijiti cha pamba, kwa sababu vimeng'enya vyake hulegeza uchafu bila kugusa vanishi. Mafuta ya samani yenye silikoni hayafai, kwani hupenya katika nyufa na kuzuia vanishi mpya isishike siku gitaa litakapohitaji kutengenezwa.

Kwa anayenunua gitaa la mtumba, doa ni ushahidi wa kujadiliana bei, na wakati mwingine ni sababu ya kuondoka. Uso wa manjano uliokolea kwa usawa haumpunguzii muuzaji kitu. Vanishi mpya inayong'aa juu ya gitaa la miaka 30 ndiyo inayopaswa kuulizwa maswali: ni nini kilichofichwa chini yake, na ubao ulisuguliwa kiasi gani kabla ya kupakwa? Gitaa la zamani lililopakwa upya huuzwa kwa bei ya chini kuliko lile lenye vanishi yake ya asili, hata kama ya asili ina makovu. Mnunuzi anuse ndani ya tundu la sauti, apitishe kioo chini ya daraja, abonyeze ubao kwa kidole gumba karibu na doa lolote jeusi. Ukibonyea na kubaki umebonyea, mti umeoza.